Saa ya Elfu Tisa Ukweni Lugari

Leo nimeaibika. Nimeaibika ukweni, katikati ya maombi, mbele ya kuku. Nimefika nyumbani kwangu Amalemba nusu saa iliyopita, koti bado liko mwilini, na naandika haya upesi kabla hamjayasikia kwa Mutoro, maana yeye atayatia chumvi mpaka yawe ya msibani.

Kwa wageni humu ndani: naitwa Shiundu, fundi wa simu. Nina kibanda pale mjini Kakamega, ninakigawana na huyo Mutoro, yeye anauza kava na chaja upande wa mbele. Nina mchumba, Nekesa, binti wa Lugari, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mimi kwenda kwao kuonekana kwa mara ya kwanza. Kuonekana tu! Baba yake aniangalie, kisha aseme kama wazee wetu waje kuzungumzia mahari, au nirudi nilikotoka na nisionekane tena. (Yaani kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuangaliwa. Hata mbuzi wa soko la Lubao anaiweza kazi hiyo.)

Sasa, saa. Mwezi uliopita niliagiza saa mtandaoni. Ni zile za dijitali za mtindo wa kale, mraba, rangi ya fedha, mkanda wa chuma, namba za vijiti vijiti. Mnazikumbuka, walimu wetu wa shule ya msingi walizivaa huku wakitufinya masikio. Nililipa elfu tisa na mia nane. Nekesa aliposikia bei alinyamaza siku mbili. Nikamweleza kwamba hii si saa hivi hivi, ni toleo maalumu la kumbukumbu. Akauliza, "Kumbukumbu ya nini?" Swali hilo sijalijibu mpaka leo.

Basi asubuhi nimefungua kibanda mapema nimalize simu mbili kabla ya safari. Mutoro akaingia akipiga mluzi. Mkononi ana saa. Mraba. Ya fedha. Namba za vijiti.

"Umeitoa wapi hiyo?" nikamuuliza.

"Lubao, siku ya soko. Kuna mathe ameziweka kwa gunia kando ya nyanya. Soo sita na hamsini tu."

Shilingi mia sita na hamsini! Kando ya nyanya!

"Hiyo ni feki," nikasema.

"Feki inasema saa ngapi?"

Nikaangalia. "Saa mbili na dakika kumi."

"Na yako ya pesa nyingi?"

Nikaangalia yangu. Nikakohoa. "Saa mbili na dakika kumi."

"Buda, umeibiwa," akasema, na akaanza kupanga chaja zake.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimelipa elfu tisa na mia nane, na pesa hizo zilikuwa zinataka kutetewa. Nikatandika kitambaa changu cha kazi mezani, tukavua saa zote mbili, nikaanza kumpa somo. Nikamwonyesha taa. Yangu ikawaka kijani hafifu. Yake ikawaka kijani vizuri. Nikamwonyesha vitufe, mkanda, mgongo ulioandikwa kwamba haiogopi maji. Yake nayo imeandikwa kwamba haiogopi maji, tena kwa herufi kubwa zaidi.

"Yako inafanya nini ambayo yangu haifanyi?" akauliza.

"Yangu ina historia."

"Historia si nilimaliza nikiwa kidato cha pili?"

Nikasema basi tusikilize sauti, ya bei huwa inalia kwa adabu. Nikaanza kuziseti zote mbili zilie baada ya dakika moja. Nikabonyeza, nikabonyeza. Namba zikaruka, nikazirudisha, zikaruka tena. Dakika ikapita. Zote kimya. (Mimi ni fundi wa simu, jamani. Simu. Saa ni idara nyingine.)

Mutoro ndiye aliyeleta wazo lililoniua. "Fumba macho," akasema. "Nikuwekee moja huku, moja huku. Kama kweli yako ni ya maana, mkono utaijua."

Nikafumba. Akaziweka. Nikapima kushoto, nikapima kulia, nikavuta pumzi kama mganga.

"Ya kulia ndiyo yangu!" nikatangaza.

Nikafumbua macho. Mutoro amekunja uso, anaangalia mkono mmoja, anaangalia mwingine.

"Umekosea," akasema. "Ngoja. Ama umepata?"

"Wewe ndiye uliyeziweka!"

"Najua mimi ndiye nimeweka! Nilizizungusha kwanza ili usiibe mtihani."

"Kwa hiyo yangu ni ipi?"

"Si wewe ndiye uko na historia?"

Tukazigeuza. Tukazipima kwa taa ya simu. Hakuna mkwaruzo kwenye yangu kwa sababu naitunza. Hakuna mkwaruzo kwenye yake kwa sababu ni ya wiki hii. Nikaitafuta tofauti hiyo kwa kioo cha kukuzia, kile ninachotumia kuchungulia nyaya zisizoonekana kwa macho, nikaikosa. Nilikuwa bado nimeinama hapo wakati Nekesa aliposimama mlangoni na shangazi yake, gari la binamu yao linanguruma barabarani.

"Bado hujavaa koti?" akasema Nekesa.

Nikaichukua ile niliyoona ni nzito kidogo. Nikaivaa. Nikavaa koti. Nikatoka. Nyuma nikamsikia Mutoro, "Shiundu! Kama umechukua yangu, usiilowanishe!"

Ndani ya gari Nekesa akanipa maagizo. Nisikunje miguu. Nisikatae chakula. Nisimpe mama yake mkono (hilo nalijua, hata nyumbani ndivyo ilivyo, mtu na mama mkwe wake hawagusani, ni heshima). Na zaidi ya yote, nisijisifu bei ya kitu chochote.

"Babangu hapendi maringo," akasema. "Kuna mwalimu alikuja kumposa dadangu. Kabla chai haijamiminwa ameshasema viatu vyake vimegharimu ngapi. Baba akamwambia, basi usivichakaze, anza safari mapema."

"Ni ukweli," shangazi akaongeza kutoka kiti cha mbele. "Hata chai hakunywa. Tuliinywa sisi."

Nikaangalia saa. Ikaniangalia. Nikaivuta ndani ya mkono wa koti.

Tukafika. Boma zuri, mahindi yameota mpaka mlangoni. "Mulembe, mulembe!" salamu kila upande. Mzee Barasa, babake Nekesa, ni mtu mrefu, mkimya, aliyelima mahindi maisha yake yote na kuyauza bila kuonewa na dalali hata mmoja. Akanionyesha kiti. Nikakaa. Nikaanza kuangaliwa.

Mama yake Nekesa alikuja akasimama mlango wa jikoni, mbali, ubavu ukinielekea, akanisalimia huku akitazama ukuta. Nikaitika huku nikitazama zulia. Mambo safi kabisa. Ni nesi mstaafu, aliyehudumu zahanati zaidi ya miaka thelathini. Akarudi jikoni, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba nusu ya mtihani imepita.

Kisha mzee akasema, "Kijana, nyosha mkono huo."

Nikanyosha. Akaushika, akavuta mkono wa koti nyuma.

"Hii saa!" akasema, na uso wake ukafunguka. "Hizi tulivaanga sisi. Kumbe ziko bado? Ulinunua pesa ngapi?"

Jamani. Nekesa akaacha kupumua. Shangazi akaacha kutafuna njugu. Na mimi kichwani nina bei mbili, na sijui ni ipi inayohusu mkono huu. Nikisema elfu tisa na mia nane, nimekwenda na njia ya mwalimu. Nikisema mia sita na hamsini, nimemdanganya baba mkwe. Au sijamdanganya! Inategemea Mutoro alizungusha vipi!

"Mia sita na hamsini, baba," nikasema. "Pale Lubao."

Mzee akapiga goti lake kofi. "Mnaona? Huyu anajua kununua! Wengine wangeenda mjini wakatolewa macho."

Shangazi akatikisa kichwa kwa furaha. Nekesa, ambaye anajua vizuri sana nilitolewa macho kiasi gani, alinipiga jicho moja nikalielewa lote. Nikanywa chai. Nilikuwa nimesema uongo au ukweli? Nilijiuliza swali hilo kikombe kizima, na hata ninapoandika hapa bado najiuliza.

Saa saba chakula kikatengwa. Ugali, mlima. Kuku mzima, mwenye mchuzi. Mzee akasimama kuombea, sote tukainamisha vichwa. Mama naye akaja mpaka mlango wa jikoni, akatupa mgongo, akainama. Mzee anaomba vizuri, haharakishi. Akashukuru kwa mvua. Akashukuru kwa mbolea. Akaanza kushukuru kwa mgeni, "ambaye, Bwana, umemjalia roho ya kutopenda mambo makubwa..."

TIRIRIRI! TIRIRIRI! TIRIRIRI!

Mkono wangu. Mkono wangu ndio uliokuwa unalia!

Kumbe kule asubuhi nilipokuwa nabonyeza na namba zinaruka, niliiseti saa saba na dakika ishirini mchana. Na niliziseti zote mbili, kwa hiyo hata kule kulia hakukunisaidia kujua ni ya nani. Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Taa ikawaka. Cha pili. Sekunde zikaanza kukimbia kama za mbio. Cha tatu. Ikalia haraka zaidi! Nikaufunika mkono kwa mkono mwingine. Nikaukalia. Kiti cha mbao kikaanza kulia kwa niaba yake.

Ikanyamaza yenyewe. Mzee, macho bado yamefumbwa, akasema, "Kama nilivyokuwa nakuambia, Bwana..."

TIRIRIRI!

Nikasema nivue, niitupe kwenye mahindi. Ndoano ya mkanda ilikuwa imekamata uzi wa ndani ya koti. Nikivuta mkanda, koti linakuja. Nikivuta koti, ngozi inakuja. Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti, na sikujua magoti yana jasho.

Hapo ndipo sauti ikatoka mlango wa jikoni. Mama mkwe. Hakugeuka. Aliongea na ukuta.

"Mwambie abonyeze ile ya chini kushoto na ashikilie."

Hakuniambia mimi, hawezi. Alimwambia shangazi. "Nilikuwa nayo ya hivyo zahanati, nilipimia nayo watu mapigo."

Shangazi akanigeukia. "Anasema chini kushoto."

"Kushoto ya nani?" nikanong'ona. "Nimeivaa kichwa chini!" (Ndiyo. Haraka za asubuhi.)

"Anauliza kushoto ya nani."

"Kushoto ni kushoto!" mama akaambia ukuta.

"Anasema kushoto ni kushoto."

"Nimesikia, shangazi!"

Nikabonyeza. Ikatoa mlio wa aina nyingine kabisa, mwembamba, wa kupenya. Kuku wa nje wakajibu. Mzee akapandisha sauti ya maombi. Mimi nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilimwona pale mtu mmoja tu duniani anayejua kuizima saa hii, na miguu yangu ikamwendea. Nikafika mlangoni, mkono umenyooka mbele. Wakati huohuo mama akachoka na sisi, akageuka ili aone kitufe chenyewe kwa mbali.

Hapakuwa na mbali.

Sasa, miaka thelathini ya unesi si mchezo. Ukimnyoshea nesi mkono unaotetemeka, hafikirii. Aliudaka! Vidole viwili juu ya mshipa, kidole gumba juu ya kitufe, tiki. Kimya. Na bado amenishika, anaangalia zile sekunde zinavyokimbia, midomo inahesabu.

"Huyu anakimbia sana," akasema mama mkwe. "Alale chini kidogo."

Kisha akaona ni mkono wa nani.

"Uwi!" Akaniachia kama aliyeshika sufuria bila kitambaa, akatoweka jikoni. Shangazi akajifunika uso kwa leso. Nekesa akasema "Yesu wangu" polepole, mara tatu. Mzee akafumbua macho bila hata kusema amina, akaniona nimesimama mlango wa jikoni mkono uko hewani.

"Ni nini imefanyika?" akauliza.

Ikabidi shangazi amwambie sikioni. Nilimwona mzee akisikiliza, nyusi zikipanda, zikishuka, zikipanda. Nilitaka kulia. Sisemi kwa utani, nilitaka kulia kweli, kwa sababu nampenda yule msichana na nilikuwa nimeona mambo yanakwenda sawa kwa saa mbili nzima.

"Keti," akasema mzee. Nikaketi. "Mkwe amegusana na mama mkwe wake. Hilo haliishi kwa pole. Hilo lina kondoo wa kutakasa."

"Ndiyo, baba."

"Na kondoo hachinjwi juu ya jambo lililofichwa. Kama kuna lingine, liseme sasa, tuchinje mara moja."

Ningenyamaza. Kwa mara ya pili leo, mtu mwenye akili angenyamaza! Lakini alinitazama, na mapigo yangu bado yalikuwa yanakimbia, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Baba, saa hii ni elfu tisa na mia nane."

"Ulisema mia sita na hamsini."

"Inaweza kuwa mia sita na hamsini."

"Ulinunua ngapi?"

"Elfu tisa na mia nane. Lakini labda si hii."

"Hujui bei ya saa yako?"

"Bei naijua, baba. Saa ndiyo siijui."

Nikaeleza. Kibanda, kitambaa, Mutoro, kufumba macho, kila kitu. Nilipofika kwenye kioo cha kukuzia, shangazi alikuwa amelala juu ya kochi, machozi yanamtoka. Nekesa alikuwa anaangalia dari. Mzee hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayepimiwa gunia.

"Kwa hivyo ziko mbili," akasema. "Moja elfu tisa na mia nane. Moja mia sita na hamsini. Na wewe fundi, na kioo, hujaona tofauti?"

"Sijaona, baba."

Sauti ikatoka jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa sasa. "Basi tofauti ni elfu tisa mia moja na hamsini za bure!"

Nikasubiri. Nilijua linalokuja. Nilianza hata kutafuta kwa macho mfuko niliokuja nao, nijue nitaondoka na nini. Mzee akakata paja la kuku, akaliweka kwenye sahani yangu. Akaongeza mchuzi. Akaongeza mwingine. Akafuta mikono na akatabasamu, tabasamu la kwanza refu tangu nifike.

"Kula, mwanangu," akasema. "Wazee wenu wakuje mwezi ujao. Nimekubali."

Nikamwangalia Nekesa, Nekesa akaniangalia. Sikuelewa. Nimegusa mama mkwe, nimedanganya, nimeharibu maombi, halafu nimekubaliwa? Nikasema, "Asante, baba. Nilidhani umekasirika kwa sababu ya bei."

"Nikasirike?" akasema mzee. "Mimi nimeuza vitu maisha yangu yote, na sijawahi kuona mtu akilipa elfu tisa kwa kitu cha mia sita, halafu akakitetea. Mambo ya mahari, usiwaachie wazee wenu. Wewe mwenyewe ndiye utasema bei ya ng'ombe."

Akaniongezea kuku. Nyumba nzima ikacheka, hata mlango wa jikoni.

Nimerudi mjini na saa iko mkononi, Mutoro amepiga simu mara nne na sijachukua. Tafadhali msicheke, mnitafutie tu mtu anayejua kubishana bei ya ng'ombe, mkali, mwenye sauti, na mwezi ujao mumkalishe kati yangu na yule mzee.